Matabishi ya Mama Lotsove

Kuna sauti moja ya sokoni ambayo nikiisikia nasimama, hata kama nimeacha chungu motoni. Honi za pikipiki hazinishtui tena. Bunia nzima ni honi. Ninayosema mimi ni ile sauti ya bunga ikimwagikia juu ya bunga, kopo likiwa limeshajaa. Fwaa. Kidogo tu, laini, na harufu ya soja iliyokaangwa inakupanda puani. Hapo mimi nimekwisha.

Nyinyi wa mbali mnaita unga, siye tunaita bunga. Na ile inayomwagwa mwishoni tunaiita matabishi. Muuzaji akishakupimia kopo likafanya kilima, anachota tena kwa mkono wake na kukuongezea juu. Matabishi hailipiwi na haiombwi sana. Mwenye kuuza anajua mwenyewe. Mama yangu alikuwa na neno lake kwa wauzaji wenye mkono mgumu. Aliwaambia machoni, "Mukono mutupu haulambwi," kisha akabeba beseni lake akaenda meza ya pili.

Kwa Mama Lotsove hakuwa na haja ya kusema hivyo. Huyo alikuwa mama wa upande wa Djugu, aliyeshuka na gunia la bunga ya mahindi na soja, na Mungu alikuwa amempa mkono mpana ajabu. Matabishi yake ilikuwa karibu kopo lingine. Mama hakununua kwa mtu mwingine. Waliongea wee, habari za mvua, za watoto, za kwaya, mpaka mimi nianze kupiga mguu chini kwa njaa, na Mama Lotsove anitie bunga kidogo kiganjani ninyamaze.

Halafu vita, upande wetu na upande wa kina Mama Lotsove. Vyenyewe sitavisimulia, wenye kuvisimulia ni wengi, na mimi muda mwingi nilikuwa chini ya kitanda. Ninachojua ni kwamba barabara ya Djugu ilifungwa na Mama Lotsove akapotea machoni petu.

Ilipokuja amani, ilikuja ikichechemea. Magari ya askari wenye kofia za bluu yalipita na vumbi lao, shule ikafunguliwa na nusu ya paa, watu wakasalimiana wakiangaliana mikono. Soko nalo lilirudi, lakini bila matabishi. Wauzaji walikuwa wamegonga makopo kwa jiwe kutoka chini, mpaka kitako kikaingia ndani. Unaona kopo limejaa, kumbe limejaa bati. Mama alitia kidole ndani, akapapasa, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Hii kopo iko na mimba." Watu walicheka. Bunga haikuongezeka.

Ndipo mdogo wangu Jospin alipopata bwaki. Kama hujaiona bwaki, shukuru Mungu wako. Miguu ilimvimba, nywele zikawa nyekundu kama ndevu za mahindi, na yeye aliyekuwa na kilio cha kuamsha mtaa mzima akaacha kulia. Alikaa tu mkekani, anaangalia ukuta. Mimi, kwa ujinga wa utoto, nilifurahi kwamba siku hizi nyumba ina utulivu.

Mama alimbeba mpaka kituo cha afya. Muuguzi alibonyeza mguu wa Jospin kwa kidole gumba, akaondoa kidole, na shimo likabaki palepale.

"Mama, huyu mutoto haombe sindano," alisema. "Anaomba chakula. Umupatie uji ya mahindi na soja, asubui na mangaribi. Usichelewe."

Soja! Soja inatoka Djugu. Na kweli, barabara ilikuwa imefunguliwa, wamama wa upande ule walikuwa wameanza kushuka tena, Mama Lotsove akiwa mmoja wao. Walikaa mwisho kabisa wa soko, karibu na jalala. Lakini hakuna mtu wa upande wetu aliyewakaribia, kwa sababu mdomo wa Bunia ulikuwa umeshapitisha neno: bunga yao iko na sumu. Nani aliyekufa nayo? Hakuna aliyemjua. Kila mtu alikuwa amesikia kwa jirani.

Tanti Beatirisi, dada ya baba, aliyekuwa akikaa kwetu, ndiye aliyelisema neno hilo nyumbani kwetu. "Afazali mutoto akufe na njaa ya Mungu kuliko na sumu ya mutu."

Mama alichukua beseni, akaliosha, akalikung'uta maji kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Furaha, twende," akaniambia.

Tulivuka soko zima. Nilikuwa naona wanawake wakigeuza shingo kutufuata, ila mimi moyo wangu ulikuwa umetangulia kwenye mkono wa Mama Lotsove. Na tulipofika nikauona! Mwenyewe alikuwa amekonda, shavu limeingia, lakini mkono ulikuwa ni uleule. Mgongoni alikuwa na mtoto amefungwa kwa kikwembe, wa umri wa Jospin, anaitwa Neema.

"Jambo, Mama Furaha."

"Jambo, Mama Lotsove."

"Muko?"

"Tuko. Na weye?"

"Siye vilevile, tuko tu. Na watoto?"

"Mumoja, Jospin, iko na bwaki," Mama akasema.

Mama Lotsove alichukua kopo lake, akaligeuza, akatuonyesha kitako. Kilikuwa bapa. Akachota, akajaza, akasimamisha kilima. Kisha ule mkono ukaingia ndani ya gunia na kutoka umejaa matabishi. Ee Mungu wangu, nilimeza mate! Hapo mkono ukasimama hewani. Alikuwa anamwangalia Mama, na Mama alikuwa ameshika beseni kifuani, halitoi.

Nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona sokoni. Mama Lotsove alipeleka mkono mdomoni akaulamba. Alitafuna polepole, akameza, akafungua kinywa tuone. Kisha akamzungusha Neema kutoka mgongoni mpaka mbele, akachovya kidole katika ile bunga iliyobaki kiganjani, akamtia mtoto mdomoni. Neema akafyonza kidole, akataka tena, akapewa tena.

Nikapasuka. "Mama! Anakula matabishi yetu! Anamupatia na mutoto wake!"

Soko likanyamaza. Siku hizo soko likinyamaza, watu hutafuta pa kukimbilia. Lakini Mama Lotsove ndiye aliyecheka wa kwanza, bunga ikamruka mdomoni, na Mama akafuata. Mama alicheka mpaka machozi, na kicheko kilipoisha machozi yakaendelea. Akatia kidole chake ndani ya kopo, akalamba.

"Iko tamu," akasema. "Iko ile ile."

Ndipo akalitoa beseni. Kopo likamwagwa, mkono ukarudi guniani, na nikaisikia: fwaa. Kisha tena, fwaa.

"Ile ilikuwa ya Jospin," Mama Lotsove akasema. "Na hii ni ya Furaha, asinipeleke polisi."

Njia nzima nilinung'unika kwamba tumelipwa tu kile tulichokuwa tumeliwa. Mama alikaza mwendo.

Jospin alikunywa uji ule kijiko kwa kijiko. Tanti Beatirisi alikaa nje akitupa mgongo, akingoja msiba. Siku ya pili msiba haukuja. Siku iliyofuata nayo haukuja, ila harufu ya soja iliendelea kutoka jikoni, na mwisho Tanti akaingia na kikombe. "Munipatie, nionje tu." Kuonja kwake kulimaliza sufuria.

Mguu wa Jospin ukaanza kunywea, ngozi ikabaki na mikunjo kama ya mzee. Kisha asubuhi moja, Mama akiwa anapuliza moto, kilio kikatoka ndani ya nyumba: kilio kile cha zamani, cha hasira, cha mtoto anayetaka chakula chake sasa hivi. Mama alikaa chini, palepale kwenye majivu. "Asante Yesu," akasema, "analia!" Sijawahi kuona mtu akifurahia makelele namna ile. Hata mimi nililia, sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa nimemkumbuka.

Baada ya hapo wamama wa mtaa wetu wakaanza kwenda mwisho wa soko, mmoja mmoja. Kila mmoja alisubiri kwanza Mama Lotsove alambe. Naye akalamba, na wenzake wakalamba, mpaka ikawa desturi ya wauza bunga wote wa upande ule. Mama Lotsove alisema siku hizi hapiki tena chakula cha mchana, anashibia kazini.

Mimi niliisimulia hadithi hii miaka mingi kama kichekesho cha muuzaji mlafi. Siku moja, nimeshazaa mtoto wangu wa kwanza, nilikuwa natwanga na Mama, nikaianza tena. Mama akasimamisha mchi.

"Weye, mupaka leo unafikiri alikuwa anakula?"

Na mimi nikasimamisha wangu.

"Alipolamba yeye, mi nilikuwa bado naogopa," Mama akasema. "Mutu mwenye chuki anaweza kujiua hata yeye mwenyewe. Lakini alipotia mu kinywa ya Neema..." Akatikisa kichwa. "Hakuna mama anafanya vile." Akainua mchi, tukaendelea kutwanga. Mtoto wangu alikuwa mgongoni, na nilimsikia akipumua.

Barabara ya Djugu bado inafungwa na kufunguliwa. Wamama bado wanafika na vifurushi kichwani, wanakaa mwisho wa soko. Juzi nilikwenda, Jospin akanipeleka na pikipiki yake. Huyo sasa ana mwili wa kubeba gunia la soja kila bega, na uvumilivu hana, alikuwa anapiga honi nifanye haraka. Muuzaji alikuwa binti mdogo tu, na mtoto mgongoni. Alijaza kopo, akachota matabishi, na mkono wake ukaanza kupanda kuelekea mdomoni, kama walivyomfundisha.

Nilimshika kiganja. Beseni langu lilikuwa limeshatangulia mbele.

"Hapana, binti yangu," nikamwambia. "Weye usilambe. Mwaga tu."

Fwaa.