Mshenga na Fumbo la Tangawizi

Juzi niliteremka Same kumposea mpwa wangu. Shule niliikimbia mapema, ila mdomo ninao. Baba wa binti, mwalimu mstaafu, alikuwa akijaza fumbo la maneno gazetini.

"Sehemu ya tangawizi inayoliwa, herufi tano," akasoma.

Nikaona hapa ndipo pa kujipatia heshima. Nikaichukua kalamu yake, nikaandika MZIZI. "Mwalimu, kilimo hiki nimezeeka nacho."

"Sawa, mshenga. Ukikata mbegu ya tangawizi, unatafuta nini?"

"Macho, yachipue."

"Mzizi una macho?"

Maisha yangu yote nimeyatafuta macho yale, sijawahi kujiuliza yako kwenye nini.

"Ni shina, baba, linatambaa chini ya udongo," binti akasema taratibu, akinimiminia chai.

Kalamu ya mwalimu ilikuwa bado mkononi mwangu, na posa nilikuwa sijaitamka.