Kipoyi Hakibebi Mzima

Félicité ana sauti inayofika mbali. Akiwa shambani kwake, kwenye mpunga, akimwita mtu wa ng'ambo ya mto, mtu huyo huitika hata kama alikuwa amelala. Ndiyo maana watu wa Nyakabere walimkabidhi kipoyi, maana kazi ya kwanza ya mkubwa wa kipoyi ni kuita.

Kipoyi chenyewe ni kitanda cha mianzi kilichosukwa kwa kamba, chenye miti miwili mirefu ya kubebea mabegani. Zamani za Wabelgiji, mababu walikitumia kumbeba bwana mkubwa ili viatu vyake visiguse matope. Wabelgiji walipoondoka, matope yalibaki, na kipoyi kikapata kazi ya maana zaidi. Leo kinabeba mgonjwa, mama mwenye uchungu wa kuzaa, na maiti anayerudi nyumbani. Kituo cha afya kiko ng'ambo, karibu na barabara kubwa ya Uvira na Bukavu, na kati yake na kijiji kuna mto ambao wakati wa kiangazi unaweza kuuruka, lakini wakati wa mvua unakuja na mawe na miti mizima.

Sheria za kipoyi ni chache na kila mtoto wa Nyakabere anazijua. Anayetaka kubebwa, naye abebe wenzake. Asiyekuwa na nguvu za kubeba, asuke kamba au apike. Anayeruka zamu bila ugonjwa anatozwa faini, bido ya kasiksi, yaani dumu la pombe ya ndizi. Akirudia, mbuzi. Na ya mwisho, ambayo Félicité huipenda kuliko zote: kipoyi hakibebi mzima.

Yeye mwenyewe alizipenda sheria hizo tangu alipobebwa akiwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza. Alikuwa karibu kufa. Kati ya waliombeba, mmoja alikuwa jirani ambaye walikuwa hawasalimiani naye kwa sababu ya mpaka wa shamba. Jirani yule alimfikisha, akajifuta jasho, akarudi nyumbani, na ugomvi wa mpaka ukaendelea kama kawaida. Félicité anasema siku ile ndipo alipofahamu kwamba mtu anaweza kukukasirikia na bado asikuache ufe.

Basi, mwaka ule wa uchaguzi, mwezi wa Desemba, mvua zilipiga tambarare yote ya Ruzizi. Daraja la mbao likaenda na maji. Siku hiyohiyo kandida wa ubunge, Ezéchiel, alitazamiwa kuja kuhutubia kwenye uwanja wa shule. Ezéchiel ni mzaliwa wa Nyakabere, lakini alikuwa ameondoka zamani, akatajirika Uvira, akajenga nyumba ya ghorofa inayotazama ziwa. Vijana wake walikuwa wameahidi fulana na chakula, hivyo tangu asubuhi wanaume karibu wote walikwenda kujipanga uwanjani.

Ndipo uchungu ukamshika Noella, mke wa fundi baiskeli.

Félicité aliita, akaita tena. Walikuja wanawake, wazee wawili, na Pitchou, kijana wa moto, yaani pikipiki ya abiria, ambaye hakupenda siasa kwa sababu kandida mmoja aliwahi kumkodi siku nzima kisha akampungia mkono. Wakamlaza Noella, wakamfunika kikwembe, wakaondoka mbio. Njiani wakakutana na vijana wawili wa Ezéchiel, wamelowa mpaka kifuani.

"Mama, tunatafuta kipoyi," mmoja akasema. "Muheshimiwa iko ng'ambo. Gari yake ya jipu imezama mu matope. Watu wanamungoja."

"Iko mugonjwa?" Félicité akauliza bila kusimama.

"Hapana, mama, iko muzima."

"Basi iko na miguu. Tupisheni."

Mtoni maji yalifika kifuani. Walivuka wakiinua miti juu ya vichwa, Félicité akiimba ili wakanyage pamoja, Noella akilia na kutukana. Wakafika ng'ambo. Hapo Pitchou, ambaye alibeba mbele, akateleza juu ya jiwe, mguu ukateguka, akakaa chini akiushika. Kipoyi kikainama. Wanawake wakakidaka.

Na mbele yao, juu ya ukingo, alikuwa amesimama Ezéchiel. Suti ya bluu, viatu vinang'aa, mpiga picha pembeni. Jipu lake lilikuwa limezama mpaka milango haifunguki. Alipoona kipoyi kinapanda, uso wake ulichanua.

"Aa, wamama zangu!" akasema. "Nilijua hamutaniacha."

"Baba, angalia vizuri," Félicité akajibu, anahema. "Ndani iko mutu."

Ezéchiel akaangalia. Noella akamwangalia pia, kwa jicho la mtu asiyekuwa na muda.

"Weye uko na bega?" Félicité akamuuliza.

"Vipi, mama?"

"Bega. Iko moja inakosa hapa mbele."

Watu waliokuja kumpokea walikuwa wameanza kujaa pande zote mbili za mto, wakitazama. Mpiga picha alikuwa ameinua kamera yake. Ezéchiel akatazama viatu vyake, akatazama watu, akavua koti, akaingiza bega chini ya mti. Kiatu cha kwanza kilimezwa na matope kabla hawajafika kwenye jipu. Cha pili alikiacha mwenyewe. Tena alikuwa mrefu kuliko wenzake, hivyo kipoyi kilikuwa kinapanda mbele na kushuka nyuma, na Noella hakumwonea haya.

"Weye wa mbele! Unanibeba ao unanipepeta?"

"Pole, mama," Muheshimiwa akasema, na kwa mara ya kwanza wanawake wakamcheka kwa upendo.

Mtoto wa kike alizaliwa muda mfupi baada ya kufika kituoni. Walimwita Kaneza. Ezéchiel alitoka pale akiwa pekupeku, amejaa furaha ya kweli. Félicité aliiona na hakuikataa. Jioni akavuka mto kwa miguu yake, akahutubia na suruali yake ya matope, akapiga kifua:

"Tangu leo, minye niko memba wa kipoyi ya Nyakabere!"

Watu wakapiga makofi mpaka ndege wakahama kwenye miti. Siku chache baadaye picha yake chini ya kipoyi ilikuwa imebandikwa kila ukuta, kutoka Luvungi mpaka Kavimvira, na maandishi: MBEBAJI WA WANANCHI. Noella hakuonekana pichani, walikuwa wamemkata. Ezéchiel akashinda.

Miezi ikapita. Daraja halikuja, hilo halikumshangaza mtu. Lakini zamu ya Muheshimiwa kwenye kipoyi ilifika, na Félicité akamtumia habari kwa simu. Hakuna jibu. Zamu ikafika tena. Hakuja.

"Tunakwenda kumutoza faini," Félicité akatangaza kwenye kikao.

Watu wakacheka, kisha wakaona hachezi. Mzee mmoja akasema, "Félicité, yule sasa iko na walinzi wenye bunduki. Wakubwa hawatozwi."

"Alisema mwenyewe iko memba. Si minye nilimulazimisha. Tukimuachia, kesho nani atakubali kutozwa? Na tutakwenda na kipoyi. Wakati wa vita, wenye bunduki wa kila upande walitupisha. Hawa wa getini ni nani?"

Wakapanda lori la muhogo, kipoyi kimefungwa juu ya magunia. Kavimvira, kwenye kizuizi, askari waliokuwa wakisimamisha kila gari waliona kipoyi, wakavua kofia, wakainua kamba. Pitchou aliyekuwa juu ya magunia akainamisha kichwa kama mfiwa. Félicité alimkanya, lakini naye alikuwa anauma midomo asicheke.

Getini kwa Ezéchiel, mlinzi alishtuka.

"Nani amekufa?"

"Bado," Félicité akasema. "Tunamufuata Muheshimiwa."

Mlinzi akiwa bado ameshika geti, sauti ya mwanamke mzee ikatoka barazani. Alikuwa Mama Gloriose, aliyemzaa Ezéchiel, ambaye mwana alikuwa amemhamishia mjini. Alikuja akijikongoja kwa fimbo, akakigusa kipoyi, akakipapasa kamba.

"Nani amesuka hivi? Kamba ni legelege," akasema. Kisha akauliza kilichowaleta, wakamweleza. Akageuka na kuita kwa sauti ambayo Félicité aliiheshimu mara moja.

"Ezéchiel! Shuka!"

Muheshimiwa akashuka na sapatu za nyumbani. Alipowaona alitabasamu, akawakumbatia, akaingiza mkono mfukoni, akatoa bahasha.

"Wamama zangu, poleni na safari."

Félicité hakuipokea. "Bahasha ni ya wakati wa kampeni, baba. Faini ya kipoyi iko kasiksi na mbuzi."

"Mama, nitawaletea daraja! Niko nalifuatilia Bukavu."

"Daraja tutazungumza siku litakapokuja. Leo tumekuja kwa faini."

Akataka kucheka, lakini mama yake alikuwa anamtazama. "Wewe ulibebwa mu hiyo kitu ukiwa ndani ya tumbo yangu," Gloriose akasema polepole. "Baba yako alibeba mpaka mabega yakaota sugu. Lipa."

Akalipa. Mbuzi mweusi, mnene, na bido ya kasiksi iliyonunuliwa mbio mtaani. Tangu siku ile, zamu yake ikifika, anamtuma dereva wake. Félicité alikubali, dereva ana mabega mazuri na hajui kulalamika. Kwamba Muheshimiwa amebadilika, hakuna anayesema hivyo. Watu wa Nyakabere wamejilazia magogo mawili juu ya mto na wanaendelea.

Lakini kilichobaki moyoni mwa Félicité si mbuzi. Ni Mama Gloriose, ambaye wakati wanaondoka alimshika mkono, akamvuta pembeni.

"Binti yangu, hapa iko televizyo, iko walinzi, kila kitu. Lakini nikianguka mu salon, hapa sebuleni, nani atakuja? Majirani sijui hata majina yao. Kuna ukuta huku na ukuta huku. Minye siwezi tena kubeba. Nitaingiaje?"

"Kamba," Félicité akasema. "Ulisema zetu ni legelege."

Na kweli, sasa dereva akija kwa zamu, Mama Gloriose huja naye. Huketi mkekani na wanawake, mkonge mapajani, anasuka, anamsema kila mmoja, anakula ugali wa bukari na kisamvu cha sombe zaidi ya alivyokula Uvira. Kaneza mdogo hupenda kumvurugia kamba. Jua likianza kushuka, dereva hupiga honi ng'ambo ya magogo, mara moja, mara mbili.

"Mwambieni angoje," Mama Gloriose husema bila kuinua macho. "Hii bado haijakaza."