Nilivyofungwa Leso Kariokor

Hii aibu siwezi kuisimulia nikiwa nimesimama, kwa hiyo ngojeni nikae, na tafadhali msianze kucheka sasa hivi, maana mtaa wetu mzima wa Kaloleni ulishacheka kwa niaba yenu.

Ilianzia kwa kinyozi. Jumapili moja mimi na Otieno, rafiki yangu tangu utotoni, tulitazama pale mashindano ya baiskeli ya huko Ulaya, yale ya siku moja ya vilima vitupu, na walikuwepo wakali wawili ambao sisi tumewabandika majina yetu wenyewe, Chuma na Karani. Chuma alichomoka vilima vikiwa bado vingi, akaenda peke yake mpaka mwisho. Karani alitulia nyuma akipiga hesabu zake, halafu kilima cha mwisho akakipanda kama mchuuzi anayefukuzwa na askari wa kanjo, akakosa ushindi kidogo tu. Mimi nikasema Chuma ndiye mwendeshaji, mjadala umefungwa.

"Karani ako na miguu kushinda Chuma," Otieno akakataa. "Ni vile alichelewa kutoka. Hiyo kilima ya mwisho, nani alipanda mbio?"

"Na nani alishinda?"

"Wee unabonga tu, Wafula. Kuja tupande. Mimi Karani, wewe Chuma."

Ningekataa, leo ningekuwa mtu na heshima zangu. Nikasema sawa, Jumamosi asubuhi (na Jumamosi hiyohiyo mchana mama yake Nekesa, mchumba wangu, alikuwa anakuja nyumbani kuniona kwa mara ya kwanza, aamue kama binti yake ataolewa na mimi au nitafute kwingine). Kwetu Bungoma mama mkwe humshiki mkono, humkodolei macho, akija njia hii wewe unatafuta nyingine. Lakini nilijiambia nitashindana, nitaoga, nitavaa suti, muda upo. Hata chai sikunywa, nikilitunzia tumbo nafasi ya kuku wa mchana. Na kwa sababu Chuma havai suruali ya kazi, nilikuwa nimenunua Gikomba kaptura nyeusi ya kubana, mtumba, iliyobana mpaka mawazo.

Tulikubaliana kupanda kutoka mtoni mpaka soko la Kariokor mara tatu. Mara ya kwanza tu nikachomoka, watu wa mikokoteni wakanishangilia, nikawapungia mkono (ndiyo, niliwapungia), na mara ya pili Otieno hata sikumwona nyuma. Ya tatu, katikati ya mlima, miguu ikagoma. Nikasikia mluzi, Otieno huyo akanipita bila haraka, "Salimia Chuma!" na mimi msuli wa paja ukakaza, nikaanguka na baiskeli mbele ya wauza akala, viatu vile vya matairi, na kaptura ikapasuka nyuma kutoka kiunoni mpaka kusikotajwa.

Mama mmoja aliyekuwa akijaribu akala akaziacha, akapiga magoti, akaanza kunikanda paja kwa mikono yake miwili.

"Nyoosha mguu, mtoto wangu. Umekula?"

"Sijakula, mama."

"Sasa unashindana na nani, na njaa?"

Akajivua leso mabegani, ya maua ya zambarau, akanifunga kiunoni, akakataa katakata niirudishe. Nikamshukuru, nikasukuma baiskeli nyumbani nikiwa nimevaa leso, na dada yangu akaifua, akaianika kwenye kamba mbele ya mlango.

Mchana nilikuwa nimekaa pembeni kwa suti, macho sakafuni kama inavyotakiwa. Wageni wakafika wakitokea Pumwani, ambako mama Nekesa alikuwa amelala kwa dada yake. Nikasikia hatua zikisimama penye kamba.

"Leso yangu imefika kabla yangu," sauti ikasema.

Ile sauti! Nilitaka sakafu ifunguke. Otieno, ambaye nilimwalika anisindikize (nani aliniroga?), alicheka mpaka akatoka nje. Shangazi yake Nekesa, mmoja wa wageni, akauliza kulikoni, akaelezwa, akashika kichwa: mkwe ameshikwa paja sokoni, mchana kweupe, posa hiyo inaendeleaje? Nekesa alinitazama machozi yakimlengalenga, na hapo nikaogopa kweli, kwa sababu nilimpenda na nilikuwa nimemchezea kamari kwa ajili ya wazungu wawili wasionijua.

Mama akaongea akiutazama ukuta, kama mila inavyotaka.

"Asubuhi nilikanda mtoto wa mtu mwenye njaa. Mkwe wangu ndiyo kwanza namwona sasa. Na hiyo firigisi mliyoniwekea, mpeni yeye. Mlima umemmaliza."

Niliitafuna hiyo firigisi ya kuku, kipande cha mgeni wa heshima, huku nimeinamisha kichwa, na haikuwa chumvi ya jikoni peke yake niliyoionja.

Tulioana. Kaptura niliichoma, na siku hizi Chuma na Karani nawalinganisha nikiwa nimekaa tu kwenye kiti. Lakini nikigusa tu baiskeli, hata ya kwenda dukani, simu ya Nekesa inalia, mama yake huyo kutoka Bungoma (sijui nani humwambia), anasikiliza, anageuka, na kwa sababu mama mkwe hawezi kuniuliza mwenyewe, yeye ndiye ananiuliza: "Mama anasema, umekula?"