Mursik ya Mama Mungai

Muthoni wa mtaa wa Munyaka ana duka la mboga ambalo paa lake huvuja, na mvua ikinyesha yeye hutega beseni chini ya tundu na kuwatangazia wateja kwamba leo Mungu amemletea maji mpaka ndani. Wapo wanaosema mama huyu akili zake si timamu. Waongo hao. Mumewe alipofariki alinuna miaka mizima, mwishowe akaona kununa hakumrudishi marehemu wala hakuuzi sukuma wiki, basi akaamua kuacha. Aliamua, nasema, uchangamfu haukumdondokea kutoka juu. Hata sasa kuna asubuhi anaamka na moyo mzito, anaketi kitandani akibishana nao kwanza, ndipo avae viatu.

Juzi mwanawe Mungai alitaka kumwoa Jepkemboi, msichana wa Sugoi. Baba yake, Mzee Kipkoech, hakukubali wala hakukataa. Alisema atakuja kwanza na mama yake mzazi kuona boma, kisha atoe jibu. Watu wakanong'ona kwamba hataki binti yake aolewe kwa Wakikuyu. Muthoni aliposikia hayo, aliapa kuwa wageni wake watakunywa mursik, yale maziwa ya kibuyu ambayo Wakalenjin humkaribishia mgeni wa heshima, tena ya mkono wake mwenyewe.

Jirani yake Chepngetich alimwazima kibuyu na kumweleza: choma kijiti cha senetwet, sugua nacho ndani mpaka kibuyu kiwe cheusi, mimina maziwa, funika, ngoja. Muthoni aliutafuta mti huo wa senetwet, akaukosa, akajiambia mkaa ni mkaa. Akakata tawi la blugamu, yaani mkaratusi, nyuma ya kanisa.

Siku ya siku, gari la wageni likiwa langoni, alifungua kibuyu. Harufu iliyotoka ilikuwa ya dawa ya kuchua.

"Kuna maziwa lala ya paketi kwa friji," dada yake Shiko akasema haraka. "Tumwage hii, tuweke hiyo. Nani atajua?"

Muthoni alisimama pale jikoni uso umemsawijika. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa kumharibia mwanawe. Angeweza kulia, na nani angemlaumu? Akanusa kibuyu tena, na kicheko kikaanza kumtekenya tumboni. Akakiacha kije.

"Shiko, hii nimetengeneza mwenyewe. Nitaipeleka mwenyewe."

Akaingia sebuleni, akawamiminia wageni. "Wazazi wangu, karibuni sana. Nilitaka kuwafanyia mursik kama ya kwenu. Senetwet nilikosa, nikatumia blugamu. Ikiwashinda kunywa, jipakeni magotini."

Mungai aliinamisha kichwa, akatamani ardhi immeze. Nyanya yake Jepkemboi, ambaye wote humwita Gogo, akaonja, akakunja uso, akameza kwa shida. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Ajuza yule alicheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani.

"Mafua yangu imeisha!" akasema akijifuta machozi. "Mimi nikiolewa, mursik yangu ya kwanza hata mbwa ilikataa. Mama mkwe hakuniongelesha mpaka tukavuna."

Mzee Kipkoech hakucheka. Alikishika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Mama Mungai, wacha nikuambie ukweli. Sikuja kuangalia nyumba. Huyu msichana wangu amesoma, lakini jikoni ni bure kabisa. Anaunguza hata chai. Nimekuwa nikijiuliza, akikosea kwa watu hawajui lugha yake, nani atamvumilia?"

"Mzee, hiyo chai tutakunywa hivyo hivyo," Muthoni akasema, "na tumcheke kidogo."

Mzee akainua kikombe, akafumba macho, akainywa mursik ile yote mpaka chini.