Wachumba wa Tangi Moja

"Mjomba, kama hawa samaki furu wa aina mbili ni ndugu wa mbali hivi, wanaweza kuzaa pamoja?" binti aliuliza akiwa darasa la tatu. Mjomba wake, muuza samaki wa mapambo, hajibu kwa kubahatisha. Alipangusa kioo kwa kiwiko, kama kawaida yake, akatia dume wa aina moja na jike wa aina nyingine kwenye tangi moja. Kila wakigombana aliwaongezea jiwe la kujifichia, akiwabembeleza: "Taratibu, wachumba!" Wateja walimcheka, jozi tatu zikashindwana. Leo, binti akiwa kidato cha pili, jike wa jozi ya nne amefungua mdomo alimofichia mayai, na vitoto vimemwagika majini. Mjomba anarukaruka na ndoo mkononi, akimjibu binti swali lake la zamani:

"Wanaweza, mpwa wangu! Ila usiniulize kama na hivi vitoto vyao vitazaa!"