Nilivyoiweka bahari sebuleni Mji Mkongwe huku kaka yangu nahodha akingoja samaki wafe

Wakuu, salaam. Ninayoyaeleza hapa yamenitokea mwenyewe, sijaongeza hata samaki mmoja. Anayetaka kubisha abishe, nimezoea kubishiwa nyumbani.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, fundi wa mapazia, mzaliwa wa Mji Mkongwe. Kutoka mlangoni kwetu mpaka baharini ni dakika nne, na hapo umeshasimama kusalimiana na watu.

Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuona kilichomo chini ya maji.

Bahari yenyewe naiona kila siku, na nimeivuka kwenda Dar sijui mara ngapi. Ila chini yake kulikuwa kwa wengine. Mgeni anashuka uwanja wa ndege asubuhi, mchana kashaingiza kichwa ndani ya maji kuangalia matumbawe, jioni ananionyesha picha mimi niliyezaliwa hapa.

Na anayewapeleka wageni hao ni kaka yangu wa damu, Makame. Ana boti, ndiye nahodha wake. Tunaishi nyumba moja ya familia, yeye na mkewe juu, mimi chini.

Nilimwomba anichukue siku moja. Boti imejaa. Mwaka uliofuata, imejaa. Mwaka wa saba nikaacha kuomba.

Nikasema basi, kama mimi sipelekwi huko, huko kutakuja kwangu.

Nikamwendea fundi wa madirisha ya alumini akanitengenezea tenki la kioo, lita mia tatu. Nikaliweka sebuleni chini.

Kuna atakayeuliza kwa nini sikuliweka juu kwenye upepo. Ndugu yangu, sakafu za juu za nyumba zetu hizi zimeshikwa na boriti alizozikuta babu yangu. Lita mia tatu ni kilo mia tatu kabla hujatia jiwe. Ukitaka kushuka chini bila kutumia ngazi, weka juu.

Mawe sikuyatoa baharini. Mtaa wa nyuma kulikuwa na ukuta umeanguka, kifusi kimelala njiani. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe ya zamani, kila mtu anajua na hakuna anayelifikiria. Nikayaomba, nikayakwangua chokaa, nikayaloweka kwenye pipa miezi miwili nikibadilisha maji.

Viumbe hai ndiyo ilikuwa kazi. Narudia kwa wale wenye pupa: matumbawe hai hayang'olewi tu ukajibebea. Nilikwenda ofisi inayohusika, ofisa akanitazama kama nimeomba kufuga papa. Safari ya nne akaona sichoki, akaniandikia barua ya ruhusa.

Nikapata vipande vilivyovunjika kutoka kitalu wanakooteshea matumbawe, konokono kadhaa, na anemone mmoja, yule mnyama anayefanana na ua lenye vidole. Samaki watano wadogo. Wawili kati yao ni wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wageni wanawaita clownfish, wanaolala humo humo kwenye vidole vya anemone.

Maji nilijaribu ndoo moja ya karibu na bandari. Yana mafuta juu, nikayamwaga. Nikawa nakwenda Chukwani na Vespa yangu wakati bahari imejaa, dumu moja miguuni, jingine nyuma. Safari saba.

Nikawasha pampu na taa, nikayaacha maji na mawe wiki sita kabla ya kutia kiumbe. Hiyo sikukosea, nilikuwa nimetazama video za kutosha.

Siku niliyowatia samaki nilivuta kiti nikakaa mbele ya kioo mpaka chakula kikaungua jikoni. Nilifurahi, wakuu. Sitaki kuipamba, nilifurahi tu.

Makame alishuka akatazama, akaguna.

"We Zuhura, samaki wapo sokoni Darajani pale. Bahari haifugwi."

Sasa nije kwenye ujinga wangu, maana niliahidi kweli.

Joto letu mnalijua. Na mimi nilielekeza feni juu ya maji ili yasipate moto sana. Kila siku maji yanapungua. Kwenye zile video niliona wazungu wanatengeneza maji ya bahari kwa chumvi ya paketi, halafu yakipungua wanaongeza maji matamu, yasiyo na chumvi. Nikawacheka. Nikasema masikini hawa hawana bahari, mimi ninayo ya kweli. Kwa hiyo yakipungua naongeza maji ya bahari. Dumu la Chukwani halikukosekana mlangoni.

Mwezi wa pili matumbawe yakajikunja. Konokono wakaanguka kutoka kwenye kioo. Samaki watatu wakafa ndani ya wiki moja, wakabaki wale wawili wa chungwa.

Nikaongeza maji mapya ya Chukwani, nikidhani ndiyo dawa.

Makame akaja kusimama mbele ya kioo, mikono nyuma.

"Nshakwambia mimi. Bahari nnaijua. Akifa mwengine hata mmoja, tenki linatoka, nnaweka friza langu hapo."

Tangu baba afariki yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Akisema kitu kinatoka, kinatoka. Nilichukia, na kilichoniuma zaidi ni kwamba samaki waliokufa walikuwa mashahidi wake.

Wiki hiyo hiyo akaja shangazi yetu, Bi Mize, mkulima wa mwani wa Jambiani. Alikuja mjini kutibiwa macho, akafikia kwangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. N'nini hiki?"

Nikamweleza. Akakaa kitako, akanitazama kwa huruma.

"Mie bahari imenivunja mgongo, we unaitia ndani uilipie na umeme."

Halafu akanyanyuka, akachovya kidole, akaonja. Akatema kwenye leso.

"Makali haya. Yakipungua unatia nini?"

"Maji ya bahari, shangazi."

"Madimbwi ya kule kwenye mwani wetu, maji yakitoka jua likayapiga, yanapungua. Chumvi nayo inaondoka?"

Nikageuka kulitazama dumu la Chukwani mlangoni.

"Haiendi pahala. Inabaki mule mule, mwani unakufa. Na we kila siku unawatilia nyengine juu yake. Watilie maji matamu. Kidogo kidogo, usije kuwaua kwa hiyo haraka yako."

Wakuu, niliona aibu ambayo sijaisahau. Wale niliowacheka kwenye video walikuwa sawa. Kinachoruka ni maji, chumvi haitoki. Nilikuwa nawapikia samaki wangu achari.

Nikachora mstari kwenye kioo kwa kalamu isiyofutika. Kila siku natoa jagi la maji yale makali, natia maji ya kunywa mpaka kwenye mstari, taratibu. Nikaagiza kipimo cha chumvi kutoka Dar. Kilipofika, mshale ulikuwa bado uko juu ya alama ya kijani, baada ya siku zote hizo za kupunguza. Sijui ulikuwa wapi siku ya kuonjwa, na sitaki kujua.

Kila asubuhi Makame anashuka kuhesabu. Wawili. Kesho yake wawili. Anapanda. Mimi nipo kwenye cherehani yangu, nashona, namtazama.

Mwezi ukapita. Konokono waliobaki wakaanza kutembea. Matumbawe yakakunjuka, moja likatoa rangi ya zambarau ambayo sijawahi kuiona dukani kwenye kitambaa chochote.

Kisha siku moja ya kusi kali, boti zimefungwa, Makame hana kazi. Akashuka akakaa kwenye kiti changu mbele ya tenki. Akakaa muda. Mara nikamsikia:

"Zuhura, anafanya nini huyu?"

Mwenzangu wa uzi huu, isome tena sentensi hiyo. Nahodha ananiuliza mimi jambo la baharini.

Nikamjibu. Huyo mdogo ndiye dume, na hiyo rangi ya chungwa kwenye jiwe chini ya anemone ni mayai. Jike ni yule mkubwa. Keshataga, dume ndiye mlinzi, anayapepea kwa mapezi ili yapate hewa. Nimewatazama siku tatu, dume halali usingizi.

"Miaka yote nnawapita tu," akasema. "Na wakitotolewa?"

"Watoto wengi wataliwa. Kuwalea sijajua bado. Nnajifunza."

Akatikisa kichwa, akaendelea kutazama.

Bahari ikatulia, wageni wakarudi. Maski na mapezi ya kuogelea Makame anayaweka ukumbini kwetu, kwa hiyo wageni hupita sebuleni kujipimia. Siku hiyo nikamsikia na Kiingereza chake cha kazi anawaonyesha tenki, anawaeleza baba wa samaki anavyolinda mayai, kama elimu aliyozaliwa nayo.

Nikasimamisha cherehani.

"Waambie nani kakufundisha."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akawageukia, akawaambia ni dada yake huyu aliyekaa hapa.

Hapo nikanyanyuka, nikachukua maski moja kwenye beseni, nikaijaribu usoni. Ikakaa vizuri.

"Jumapili nnakuja," nikamwambia.

Akafungua mdomo aseme habari ya nafasi.

"Mpunguze mgeni mmoja."

Jumapili nilikwenda. Kuogelea sijui, nilishika boya, nimevaa nguo za mwili mzima, Makame kanishika mkono mwengine. Nikaingiza kichwa. Nililia humo humo ndani ya maski mpaka nikashindwa kuona, ikabidi nitoke niimwage. Kuna aliyecheka? Hakuna. Makame alingoja, akanirudisha chini.

Tenki liko pale pale sebuleni. Friza alitafutie pahala pengine.

Nilichojifunza ni hiki. Kitu kikiwa chako na mtu unayempenda amekifungia mlango, usikae kungoja siku atakayojisikia kufungua. Anza, hata kwa ndoo moja. Utakosea, na mimi nilikosea kwa kiburi, samaki watatu walilipa. Lakini kukosea kwangu hakukumpa mtu haki ya kuniondoa.

Wenye matenki ya maji ya chumvi, wa Pemba, Tanga, Mombasa, semeni mmefanyaje kuwalea watoto wa clownfish, hapo bado nimekwama. Na nyie mtakaoandika "ungewakaanga tu", andikeni, nitawajibu mmoja mmoja.

Isipokuwa Jumapili. Jumapili msinitafute humu, niko baharini.