Safari ya Lukafu na Kilio Kisicho na Marehemu

Niliondoka Lubumbashi kwa sababu ya karanga. Kila msimu wa mavuno, lori moja lilinishushia kwenye kituo chetu cha redio kikapu cha karanga kutoka Lukafu, na dereva alikuwa na maneno yale yale: "Ni ya ule mama wa komunike." Mama wa komunike ni mimi; aliyekituma aliitwa Mama Pélagie. Sikuwahi kumtia machoni.

Mimi ni Georgette, binti wa fundi wa reli, na maisha yangu yote ya kazi nimesoma komunike redioni: nani amefariki, nani amelazwa, ndugu wa kijiji fulani waje haraka. Kazi hii naijua, na sioni haya kusema hivyo. Sasa nilikuwa nimebakiza kipindi kimoja tu nistaafu. Wenzangu walitaka kunifanyia karamu, nikawaambia ingoje. Nilitaka kwanza kumshukuru yule mama uso kwa uso.

Asubuhi na mapema, Papa Kabeya, dereva wa kituo, alinichukua nyumbani kwangu Makomeno.

"Mama Georgette, kule habajue sura yako," alinitania.

"Sauti batajua," nilimjibu. Nilikuwa nimejaa majivuno, nakiri.

Baada ya lami kuisha, vumbi jekundu lilituingia mpaka kwenye meno. Tulipita magunia ya makaa kando ya njia na vichuguu virefu kuliko gari letu. Hapa na pale niliona waya umetundikwa kwenye mpapai ili redio ishike vizuri. Kila nilipouona nilirekebisha kitambaa changu kichwani, kana kwamba wenye nyumba wananitazama.

Jua likiwa utosini tulifika Lukafu, na watoto wakatuonyesha uwanja wa Mama Pélagie. Alikuwa ametupa mgongo, anamenya mihogo. Nikamsalimia kwa sauti yangu ya redioni, ile nzito, ya taratibu.

Kisu kilimponyoka. Aliketi chini palepale, mikono kichwani.

"Yoo! Ni nani alikufa? Ni Fidèle? Mutoto yangu wa Lubumbashi?"

Kabla sijafungua kinywa alishaanza kulia, na kilio cha mwanamke mmoja huko hakikai peke yake. Majirani waliingia mbio. Mmoja alitandika mkeka, mwingine alikuja na unga kichwani, wanaume wakaanza kukoka moto wa matanga. Mimi nimesimama katikati na mkoba wangu, sina marehemu wa kuwapa.

"Mama, hakuna muntu alikufa!" nilipaza sauti. "Nilikuya kukusalimia tu!"

"Fidèle iko muzima?"

"Hakuna komunike yake. Ingekuwako, ni miye ningeisoma."

Alicheka huku machozi yanamtiririka, na uwanja mzima ukacheka naye. Papa Kabeya alilazimika kushika mlango wa gari.

Mimi sikucheka. Iliniuma. Miaka yote ile, kumbe nilikuwa kitisho tu kwenye nyumba za watu? Nilimuuliza waziwazi.

"Apana, mama," alisema akinivuta mkekani. "Wakati wa komunike, huku hakuna muntu anatwangaka. Tunaikalaka chini bote, ili habari mubaya isitukute tumesimama. Lakini siku ile ulisema mama yangu iko mugonjwa sana kule Lubumbashi, siku ile ile nilipanda lori. Nilimukuta anapumua. Alinishika mukono. Bila weye, ningekuta kaburi. Njo maana ya karanga."

Nilimshika mikono, nikamshukuru kwa karanga. Nilimshukuru Mungu kwa kila karatasi niliyowahi kuisoma.

"Sasa hii bunga ya kilio tutafanya nayo nini?" aliuliza jirani.

Tuliipika. Tulikula bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, tukazunguka sufuria kama ndugu.

Jioni tulipoaga, Mama Pélagie aliegemea dirisha la gari. "Siku moya tu, utaye majina yetu kwa redio tukiwa bazima."

Njiani kurudi Papa Kabeya alipiga soga, mimi nikirudiarudia kimoyomoyo majina ya wote waliokuwa uwanjani nisiyasahau.

Siku ya kipindi changu cha mwisho nilisoma komunike zote kama kawaida. Kisha, kwa sauti ileile nzito, nikasema: "Familia zifuatazo za Lukafu zinawajulisha ndugu na marafiki kwamba wako wazima." Nikayataja majina yote, nikianza na la Mama Pélagie.

Nilikuwa bado nakusanya vitu vyangu simu ya kituo ilipolia. Mama Pélagie alikuwa amepanda mpaka kwenye kilima chenye mtandao, anahema.

"Mama Georgette, tulikuwa tumeikala chini vile tunafanyaka," alisema. "Ulipoanza kutaya majina yetu, bote tulisimama."